Mashua ya Nahashon Sanya

Baba yangu, Patrobas Kweyu, alifika kwangu Shauri Moyo mwezi wa Januari mwaka 1998 akiwa na sanduku la bati la kijeshi na gunia moja la nguo zilizonuka tope. Mvua za El Niño zilikuwa zimebomoa kingo za mto Nzoia, na kijiji chetu cha Namalele, karibu na mahali mto huo unapoingia ziwani, kilikuwa chini ya maji. Alikuwa na miaka sabini na minne. Alitembea kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kwangu bila kumuuliza mtu njia. Akapiga hodi, akaingia, akasema, "Nyumba imekwenda, Nerima. Na kanisa limekwenda." Kisha akaketi kitandani, akavua viatu, akavipanga sambamba kama alivyofundishwa jeshini.

Nyumba yetu ilikuwa ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, chumba kimoja na jiko la kushirikiana na majirani. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Malaba, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa peke yangu. Nilitundika pazia katikati, Baba akapata upande wake. Asubuhi nilikwenda Industrial Area, ambako nilikuwa mpiga taipu katika kiwanda cha mabati, na jioni nilimkuta amekaa mlangoni, amenyoa ndevu, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingo. Wazee wa mtaa walimpenda. Alipofika soko la Burma kununua nyama, alimwambia muuzaji kwamba jina la soko hilo yeye alilifahamu kwa miguu yake.

Watu wa Namalele waliokuwa Nairobi tulikutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa kanisa, Kaloleni. Kwa kawaida tulizungumzia misiba na harusi. Mkutano wa Februari ulikuwa na jambo moja tu. Ukuta wa kanisa letu, ule uliokuwa na majina ya wafu wetu wa vita na wa maji, ulikuwa umeanguka. Majina ishirini na tisa yaliyoandikwa kwa rangi nyeusi yalikuwa matope.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Pamba, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya taratibu, alisimama akasema, "Sisi si watu wa kusahaulika. Kijiji kidogo kama kile, hakuna nyumba ambayo haikutoa askari au baharia. Tukiyaacha majina yaende na maji, watoto wetu watadhani tulikuwa wavuvi wa kambare mumi tu."

Tukaamua mambo mawili. Kwanza, majina yachongwe kwenye ubao wa mvule, na ubao ukasimamishwe Namalele maji yakishuka. Kazi hiyo tulimpa Munyoki, mchongaji wa Kikamba aliyekuwa jirani yangu. Pili, historia ya kijiji iandikwe katika kitabu kidogo. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ya taipu, na kwa sababu nilikuwa na Baba nyumbani.

Basi kila jioni Baba alisimulia, mimi nikaandika.

Alianza na babu yake, aliyechonga mitumbwi mirefu ya kushika wapiga kasia ishirini. Vita vya Wajerumani vilipoanza, serikali ilikuja mtoni ikachukua mitumbwi yote pamoja na watu wake, wakavusha askari na risasi ziwani mwaka mzima. Waliobaki walichukuliwa kuwa wapagazi, na kati yao kumi na mmoja hawakurudi. Baadaye likajengwa gati dogo la mawe na nguzo za chuma, boti za moshi zikawa zinakuja kuchukua pamba na ufuta, na vijana wa Namalele wakaajiriwa melini: wa kuchochea moto, wa kupima kina, wa kushika usukani. Kisha vikaja vita vya Hitla. Vijana kumi na saba waliandikishwa Keya, jeshi la Waingereza, siku moja, Baba akiwa mmoja wao. Walikwenda Bama, yaani Burma.

Kumbukumbu yake ilikuwa kali. Alijua nani alivaa kiatu namba ngapi. Alijua wimbo gani uliimbwa melini walipoondoka Kilindini, na nani alilia.

"Sanya alinibebea begi siku nne," alisema jioni moja. "Homa ilinishika, sikuweza hata kushika bunduki. Alibeba yangu na yake."

"Sanya yupi?"

"Nahashon Sanya. Tulikua pamoja. Tuliporudi tulijenga mashua, mimi na yeye, ya makasia manane. Tukaiita Bama. Kamba yake ilikuwa pima arobaini, kamba ya meli, na ncha ya nchi kavu niliivika ngozi ya ng'ombe mwenyewe, nikaishona, isifumuke." Akanionyesha kwa vidole jinsi alivyoshona.

Niliandika yote. Kisha nikasoma orodha ya majina ya ubao, nikamuuliza, "Huyu Sanya yuko wapi? Hayumo kwenye majina ya vita wala ya maji."

"Hastahili kuwemo," alisema Baba. "Huyo ndiye aliyekimbia na mashua."

Habari hiyo niliijua, kama kila mtoto wa Namalele alivyoijua, ila sikujua kwamba Sanya wa mashua ndiye aliyembebea Baba begi. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu ilipotokea. Mvua za mwaka 1961 zilileta mafuriko makubwa, na watu walivushwa kwa mashua kutoka shuleni kwenda kwenye kilima cha kanisa. Sanya alikuwa peke yake ndani ya mashua, Baba alikuwa ng'ambo ya pili ameshika kamba, ili mkondo usiibebe. Safari mbili zilikwenda vizuri. Katika safari ya tatu, ilisemekana, Sanya alikata kamba akakimbia na mashua kwenda Uganda, akawaacha watu sita juu ya paa la shule. Paa liliondoka na maji kabla jua halijazama. Majina ya wale sita yaliandikwa ukutani. Jina la Sanya likawa tusi, mtoto akikimbia kazi, aliambiwa, "Unafanya Usanya."

Sikuuliza zaidi. Nilipiga taipu kama alivyosema.

Kulikuwa na pengo moja katika historia yangu. Baba hakufanya kazi melini, kwa hiyo mambo ya meli aliyajua kwa kusikia. Mtu mmoja kanisani aliniambia kwamba Muthurwa, katika nyumba za reli, kulikuwa na mzee aitwaye Luseno, Mtiriki, aliyeshika usukani wa meli za ziwani miaka ishirini na sita. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumwona.

Mzee Luseno alikuwa mwembamba, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee, lakini alifurahi kupata mgeni. Hakuwahi kukaa Namalele, ila alifanya kazi na vijana wetu. Alinitajia majina yao mmoja mmoja, nani alipandishwa cheo na nani alikuwa mlevi. Mkono wangu uliuma kwa kuandika. Nilipokuwa nafunga daftari, alisema:

"Nyinyi mlikuwa na mashua nzuri sana pale. Niliiona mara nyingi gatini. Bama."

"Ndiyo, mzee. Baba yangu alikuwa mmoja wa walioijenga."

"Pole sana kwa ile ajali. Sisi ndio tulioiokota."

Nilifungua tena daftari, lakini sikuandika. "Mliokota nini, mzee?"

"Mashua. Mwaka wa mafuriko. Ilikuwa imepinduka, inaelea karibu na visiwa. Ubavu umepasuka, kama imepigwa na gogo. Nahodha aliamuru tuivute. Mimi ndiye niliyeshuka kuifunga." Alisugua magoti yake. "Ninakumbuka kwa sababu ya kamba. Kamba ilikuwa ndefu mno, ikabidi niivute yote ndani, isije ikanasa kwenye rafadha ya meli. Nilivuta, nikavuta. Nilidhani haina mwisho."

"Mwisho wake ulikuwaje?" niliuliza. "Ilikuwa imekatwa?"

"Haikukatwa. Ilikuwa nzima. Ncha yake ilivikwa ngozi, imeshonwa vizuri. Nilisema moyoni, aliyeshona hii ni fundi." Akanigeuzia uso. "Mbona umenyamaza, binti yangu?"

"Hamkumwona mtu, mzee?"

"Hakukuwa na mtu. Tuliandika ripoti bandarini. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Nilirudi kwa miguu, kupitia nyuma ya Gikomba, na sikuona mtu wala kitu. Nilikuwa nahesabu jambo moja tu. Kama Sanya angekata kamba akiwa ndani ya mashua, kamba ingebaki nchi kavu mikononi mwa Baba. Mashua ingeondoka na kipande. Lakini mashua iliondoka na pima zote arobaini, pamoja na ngozi. Ncha ile ilikuwa upande wa Baba.

Kwa siku tatu sikumwambia neno. Nilimpikia, nikamfulia. Alinitazama nikipita, na nadhani alihisi. Siku ya nne Munyoki alikuja mlangoni, mikono imejaa vumbi la mbao.

"Mama, orodha niliyonayo ndiyo ya mwisho?" aliuliza. "Nimeshachora mistari. Nikianza kuchonga, mbao hairudi nyuma."

"Ngoja mpaka Jumapili, Munyoki," nilimwambia.

Alipoondoka, Baba aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Ngoja ya nini?"

Nililivuta pazia. Alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini. Nikamwambia yote aliyoyasema Luseno, bila kuongeza wala kupunguza, na nilipofika kwenye ngozi aliinamisha kichwa. Nilitegemea angenifokea. Maisha yangu yote Baba alikuwa mtu wa kufoka. Badala yake aligeuza viganja juu, akavitazama. Katikati ya kila kiganja kulikuwa na kovu pana, laini, linalong'aa. Nilikuwa nimeyaona makovu hayo tangu utotoni, na tuliambiwa ni ya vita.

"Kamba ilipaswa kuzungushwa kwenye nguzo ya gati," alisema. "Mara mbili tulifanya hivyo. Mara ya tatu maji yalikuwa yamepanuka, haikutosha. Nikaitoa kwenye nguzo, nikasimama ndani ya maji mpaka kiunoni, nimeishika kwa mikono ili ifike. Sanya alikuwa amebakiza kidogo kufika paani. Kisha gogo likaja, mti mzima, na mizizi yake. Likapiga mashua. Kamba ikaanza kukimbia."

"Ukaiachilia."

"Nikaiachilia."

"Na ukasema ameikata."

"Watu walishuka kutoka kilimani wakikimbia. Wa kwanza aliuliza, 'Nani amekata kamba?' Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza nani. Nikasema, Sanya. Neno moja tu, Nerima. Nilidhani kesho nitalirekebisha. Kesho yake walikuwa wamesema kwamba ameonekana Uganda."

Huyu ndiye mtu aliyenifundisha kusoma. Nikamuuliza kitu pekee kilichonijia. "Alikuwa na mke?"

"Alikuwa na mke. Muhonja, wa Maragoli. Alikuwa mjamzito. Ndugu za Sanya walimfukuza. Walisema mke wa msaliti hawezi kulima shamba lao. Hakuwa na mtu wa kumtetea pale. Mimi ndiye niliyepaswa." Akafunga viganja. "Nasikia yuko Nairobi hii. Nimelisikia hilo miaka kumi sasa."

Haikuwa vigumu kumpata. Akina mama wa kanisa wanajuana, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeelekezwa plotini, kwenye nyumba za kupanga za Mowlem, kwa fundi wa cherehani aitwaye Everline ambaye mama yake ni Muhonja. Nilitaka kwenda kwanza peke yangu. Baba alikataa. Alivaa koti, akasimama mlangoni kuningoja.

Chumba cha Everline kilikuwa chini, kinatazama barabara. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, mguu kwenye pedeli ya mashine. Mama yake alikaa kwenye kiti cha chini, anakata nyuzi kwenye sare za shule zilizorundikwa mapajani. Nilisalimu, nikasema tumetoka Namalele. Mkasi wa Muhonja ulisimama. Akanitazama mimi, kisha akamtazama Baba, kisha akaendelea kukata.

"Umezeeka, Patrobas," alisema.

"Nimezeeka, shemeji."

"Usiniite shemeji. Shemeji ni mtu wa nyumbani."

Hakutukaribisha kuketi. Baba alivua kofia, akasema akiwa amesimama pale pale mlangoni, watu wakipita nyuma yake, "Sanya hakukata kamba. Hakukimbia. Gogo lilimpiga, kamba ikanichoma mikono, mimi nikaiachilia. Nikasema uongo. Nimekuja kukuambia."

Mashine ya Everline ilinyamaza.

Muhonja alikata uzi, akaukunja kidoleni, akauweka pembeni. "Alikuita?" aliuliza.

"Aliniita."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Kweyu, shika.' Mara mbili."

Hapo ndipo mkasi ulipomponyoka. Everline aliinuka, akaja akasimama nyuma ya mama yake, mikono mabegani mwake. Nje mtu alikuwa anapigia kelele gari la maji. Nilitamani Baba aongeze neno, hata pole, lakini alisimama tu kama askari anayesubiri hukumu.

"Sikiliza," Muhonja alisema mwishowe. "Mikono ni nyama. Nyama ikiungua, inaachilia. Hilo ningekusamehe siku ile ile, na ningelia na wewe. Lakini mdomo wako haukuungua. Miaka thelathini na sita ulikuwa na mdomo. Nilipotolewa vyombo nje, ulikuwa na mdomo. Nilitembea na mimba mpaka Butere, na wewe ulikuwa na mdomo."

"Ndiyo," alisema Baba.

"Huyu," akamshika Everline mkono bila kugeuka, "alikuwa akiulizwa jina la baba yake, anataja jina la babu yake mzaa mama. Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kuficha jina la mtu aliyekufa akiwaokoa watu."

Everline alizungumza kwa mara ya kwanza. "Mama, wewe ulijua kwamba hakukimbia?"

"Nilijua. Lakini kujua peke yako ni kama wazimu. Miaka mingine niliacha kujua."

Baba alitaka kupiga magoti. Muhonja alimzuia kwa mkono.

"Usinipigie magoti hapa chumbani mwa mwanangu. Ulisema uongo mbele ya watu. Nenda ukaseme ukweli mbele ya watu. Mimi nitakuja kusikiliza."

Jumapili ya kwanza ya Machi ukumbi wa Kaloleni ulijaa kuliko siku zote, kwa sababu ilijulikana kwamba orodha ya majina itasomwa. Muhonja na Everline waliingia baada ya sala, wakakaa benchi la nyuma. Wazee wachache walimtambua, nikaona wakinong'onezana. Mwalimu Pamba alinialika nisome. Nikasema, "Mwenyekiti, kabla sijasoma, Baba yangu ana neno."

Alikwenda mbele. Hakushika meza. Alisimulia kuanzia alipoitoa kamba kwenye nguzo, kwa sauti ile ile aliyotumia kunisimulia Bama, na hakuruka mahali. Alitaja gogo. Alitaja maneno ya Sanya. Alitaja neno moja alilolisema yeye, na nani alimuuliza, na jinsi alivyokaa kimya Muhonja alipofukuzwa. Alipomaliza alibaki amesimama.

Nje kwaya ya watoto ilikuwa ikifanya mazoezi. Kisha mama mmoja akaanza kulia. Mzee mmoja wa ukoo wa Sanya, mtoto wa ndugu yake mkubwa, alisimama kutaka kusema, akaketi tena.

Mwalimu Pamba alivua miwani. Wengi wetu tulikuwa tumesahau kwamba kati ya wale sita wa paani mmoja alikuwa dada yake.

"Mzee Kweyu," alisema, "dada yangu alikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa kilimani, nilimwona akipunga kitambaa. Nijibu jambo moja. Ungeishika kamba ile, wangepona?"

"Sijui," alisema Baba.

"Hujui."

"Nimejiuliza kila siku, Mwalimu. Pengine ningevutwa nami, tungekufa wote. Pengine ningeizungusha nguzoni, ingeshika. Sijui. Ninachojua ni kwamba Sanya alikuwa anawaendea."

Mwalimu Pamba alivaa tena miwani. Halafu akageukia benchi la nyuma. "Mama Everline, tuliyokutendea hayasemeki. Ungependa jina liandikwe vipi?"

Muhonja alisimama. Alikuwa mfupi, na watu wa mbele iliwabidi wainue shingo. "Nahashon Sanya Mudibo. Na chini yake muandike kazi yake. Nahodha."

Hakuna aliyebishana. Lakini baada ya mkutano Mwalimu Pamba alinivuta pembeni pamoja na Baba, akasema polepole, "Ubaoni jina litakuwepo. Lakini kitabuni, Nerima, andika tu kwamba alikufa maji akiwaokoa watu. Haya mengine yametosha kusemwa leo. Baba yako ni mzee. Watoto wa kesho hawana haja nayo."

Nilijua amesema hivyo kwa huruma. Nami nilishawishika; ni nani anayependa kupiga taipu aibu ya baba yake? Nilimtazama Baba.

"Andika," alisema. "Yote."

Munyoki, nilipomweleza kwamba jina limeongezeka, aliutazama ubao aliokuwa ameupiga randa na kuupima mistari. Nilidhani atalisukuma jina chini, mahali palipobaki upana wa vidole viwili. Alitikisa kichwa. "Jina la mtu halibanwi pembeni," alisema, akaanza upya kwa ubao mwingine, na majina yote thelathini yakapata nafasi sawa.

Mimi nilikaa na stensili, karatasi za kuchapia nakala, jioni kumi na moja. Sehemu ya vita ilikwenda haraka, na ya meli pia. Sehemu ya mafuriko nilichana karatasi mara nne. Nilikuwa napenda kuandika kwamba alikuwa amechoka, kwamba alikuwa amesimama ndani ya maji tangu alfajiri, mambo ya kweli, lakini kila nilipoyasoma niliona yamekaa kama mawakili wa kumtetea. Mwishowe niliandika kama alivyosema ukumbini. Kiwandani waliniruhusu kutumia mashine ya kuchapia, nikatoa nakala sitini. Ya kwanza nilimpa Everline mkononi.

Mwezi wa Agosti maji yalikuwa yameshuka, tukausafirisha ubao mpaka Namalele. Kijiji hakikuwa na sura. Tope lilikuwa limefunika mipaka ya mashamba, na kutoka kanisani ilibaki ngazi ya mawe tu. Tuliusimamisha ubao kilimani chini ya paa la muda la mabati. Askari wazee wanne waliokuwa hai walipiga saluti. Majina yalisomwa, na Everline ndiye aliyelisoma la baba yake, kwa sauti kubwa, mara moja.

Ndugu wa Sanya walimwambia Muhonja kwamba kipande chake cha shamba kipo, achague mahali. Alishukuru, hakuchagua. Badala yake alimwendea Baba, ambaye alikuwa amesimama peke yake kwa sababu watu hawakujua bado wamsalimie vipi, akamwambia, "Nionyeshe."

Waliteremka wawili mpaka mtoni. Mimi na Everline tuliwafuata kwa mbali. Baba alinyoosha mkono kuonyesha gati lilipokuwa, kisha shule, kisha njia ya mashua. Muhonja aliuliza maswali mengi. Hatukuyasikia. Tuliona tu mkono wa Baba ukinyooka, ukishuka, ukinyooka tena, kwa karibu saa nzima, mpaka alipochoka akakaa kwenye jiwe, na Muhonja akabaki amesimama akitazama upande wa ziwa.

Baba alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Shauri Moyo, kwa kichomi. Tulimpeleka kumzika Namalele. Waliokuja hawakuwa wengi kama ambavyo wangekuja zamani. Muhonja alikuja na basi la usiku kutoka Nairobi, akakaa viti vya nyuma, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Hakulia. Alitupa udongo wake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na akaondoka na Everline kabla ya chakula.